Tini Kavu na Mteja wa Mjomba

6 Februari

Mjomba mpenzi,

Shikamoo. Kabla hujauliza: nakula, nalala, na koti ulilonishonea bado linanifaa, ingawa vifungo viwili vimeshaniaga. Baridi ya huku haina adabu, inaingia bila hodi. Habari za masikio yako? Juzi nilipiga simu ya jirani yako Gundi ili nikusalimie, nikasikia tu, "Nani? Nani? Sema kwa nguvu!" kisha ikakatika. Nimeona bora nirudi kwenye kalamu. Umekaa na kelele za cherehani miaka mingi mno.

Umeniuliza hasa nafanya nini huku. Nafanya kazi ya tini, Mjomba. Zinatufikia zikiwa zimeshakaushwa, zimebonyea kama begi la safari lililokaliwa. Tunazikata, tunaziloweka kwenye spiriti, tunachuja, tunaikausha ile spiriti mpaka inabaki rojo nyeusi chini ya chupa. Mfuko mzima wa tini unatoa rojo ya kujaza kijiko tu. Kisha tunachukua visahani vyenye kitu kama uji ulioganda, tunapaka juu yake vijidudu vya maradhi, na katikati tunaweka kikaratasi kilicholowa ile rojo. Tunafunga, tunaweka kwenye kabati la joto. Kesho yake vijidudu vimetapakaa kisahani kizima kama ukungu juu ya mkate, ila kuzunguka kile kikaratasi kuna duara safi, jeupe. Hapo havikuthubutu kusogea. Siku ya kwanza kuliona duara lile nilipiga kigelegele. Mkuu wa maabara, mama mmoja asiyecheka, akanitazama kana kwamba nimevunja chupa.

Na si hilo tu. Tini kavu, hasa zile nyeusi, zina vitu wataalamu wanaviita vizuia-oksidi. Kwa lugha yako: mwili nao hushikwa na kutu, na vitu hivi ni kama yale mafuta unayotia kwenye chuma cha cherehani.

Nimekutumia kifurushi cha tini zilizobaki bila kutumika. Zionje na Gundi.

Mpwa wako

11 Machi

Mama yangu mdogo,

Marahaba. Utanisamehe, umepewa jina la mama yangu na ulimi wangu haujui kukuita vingine.

Kifurushi kimefika kikiwa kimefunguliwa na kufungwa upya. Sijui kama wale wa posta walionja, na kama walionja, wataishi miaka mingi. Gundi alitafuna moja akasema ni ngozi ya kiatu iliyolowekwa asali. Hilo halikumzuia kuchukua ya pili, unajua fundi viatu na ngozi. Mimi nazila asubuhi na jioni, naondoa kutu. Na barua yako nimewasomea wateja. Mama muuza mkaa kasema, "Kumbe mpwa wako ni daktari!" Sikumsahihisha.

Msimu wa sare za shule umeanza. Bluu juu ya bluu, mpaka nikifumba macho naona bluu.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Nina mteja mmoja, mtu wa rika langu. Alikanyaga sindano na hakuisikia. Alishinda nayo kutwa, mpaka alipovua soksi jioni akaona damu. Sasa pana kidonda chini ya wayo wa kushoto na hakitaki kufunga. Hospitali hataki, ana sababu zake. Si mjinga, ni mkaidi tu. Nimemwambia habari za duara lako. Je, akiziponda tini akazifunga pale pale, zitafanya kazi? Au lazima ipatikane ile rojo?

Gundi anakusalimu. Utakuja lini? Hukuniandikia.

Mjomba wako

2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imenichekesha mpaka ilipofika kwa huyo mteja.

Mwambie asifunge tini kwenye kidonda. Nisikilize vizuri, na kama masikio hayataki, soma mara mbili. Ninachokiona mimi nakiona kwenye kisahani. Rojo yetu ni kali mara nyingi kuliko tunda lenyewe, na vijidudu vyetu ni vya kufugwa, vimekulia maabara, havijawahi kupata shida. Tini ya sokoni ina vumbi, na nyingine ina ukungu wenye sumu usiouona kwa macho. Ukiiponda ukaiweka kwenye nyama mbichi unakaribisha wageni usiowajua. Nilimweleza mkuu swali lako. Akasema, "Kisahani hakina ukaidi. Watu wanao."

Halafu hili la kukanyaga sindano bila kusikia halinipendezi. Mtu asiyesikia sindano mguuni huenda ana sukari. Mwambie apime. Na kama anayo, tini kavu asizizoee hata kwa kula, maana maji yakishakauka karibu nusu ya uzito wake ni sukari tupu.

Aende hospitali, Mjomba. Umshike mkono umpeleke wewe mwenyewe.

Kazi huku ni nyingi. Tumeanza kulinganisha tini nyeusi na zile za njano, na nyeusi zinaongoza kwa mbali. Wiki iliyopita bomba la maji lilipasuka ghorofani kwetu, tukaokoa visahani kwanza, viatu baadaye.

Mpwa wako

5 Mei

Mama yangu mdogo,

Marahaba. Tumshukuru Mungu, tunavuta siku. Sare nimemaliza nusu. Mwalimu mkuu alikuja dukani kulalamika kwamba suruali zimechelewa, nikamwambia hata watoto wenyewe hawana haraka ya kurudi shule.

Nilikuuliza utakuja lini, ukanijibu habari za bomba la maji. Sawa.

Mteja wangu anaendelea. Nimemsomea maneno yako yote. Kuhusu kula amekuelewa, amepunguza. Kuhusu kufunga, alikuwa ameshaanza, na anasema kidonda kimekauka pembeni, kwa hiyo haoni sababu ya kuacha. Kuhusu hospitali, usimlaumu. Unamkumbuka mjomba wako mkubwa? Aliingia kule akitembea kwa miguu yake, ana kidole gumba cheusi. Wakakata kidole. Wakarudi wakakata wayo. Wakarudi wakakata mguu. Kaka yangu tulimzika kipande kwa kipande, wewe ulikuwa mdogo, hukuambiwa. Mteja wangu anaijua hadithi hiyo kuanzia juu mpaka chini.

Sasa nimefikiri hivi. Wewe unasema vijidudu vyenu ni vya kufugwa. Basi nimekutumia vya porini. Ndani ya mfuko wa plastiki kuna kitambaa alichofungia kidonda. Kiweke kwenye kisahani chako na ile rojo uone. Likitokea duara, nitumie rojo hiyo kijiko kimoja tu. Lisipotokea, nitamwambia.

Gundi amenunua miwani. Sasa anaona viatu vyake vilivyo vibaya.

Mjomba wako

29 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Leo siulizi habari za masikio.

Nilifungua bahasha yako mezani kwangu maabara. Harufu ilinifikia, lakini kabla ya harufu niliona maua ya buluu kwenye ukingo wa kitambaa. Mteja gani huyo, Mjomba, anayelala kwenye shuka alilokudarizia mama yangu?

Nilikaa pale nimekishika kile kitambaa. Mkuu akaja.

"Uchafu huu umetoka wapi?"

"Kwa mjomba wangu."

Nilitegemea anifukuze. Akavaa glavu, akasema, "Lete visahani."

Tumepima. Kuzunguka kikaratasi cha tini hakuna duara. Vimeota mpaka kwenye ukingo wa karatasi, vikapanda juu yake. Nilimwomba mkuu turudie kwa rojo nzito zaidi. Tukarudia. Vimepanda tena. Kuna dawa mbili za hospitali zilizotoa duara, kubwa, safi. Majina yake nimeyaandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya pembeni. Ichukue karatasi hiyo leo, si kesho, mpe daktari.

Nimepiga simu kwa Gundi. "Mzima kabisa!" akaniambia. "Yuko hapa anacheka!" Nyuma yake nikakusikia unasema, "Mwambie nimetoka." Nikamweleza yote, hospitali, dawa, mguu. Akasema, "Sawa, mwanangu, sawa," kwa sauti ya mtu aliyekatazwa kusema. Nilipopiga tena, simu haikupokelewa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe ndiye uliyenifundisha methali hiyo nilipoficha jipu langu. Ulinibeba mgongoni mpaka zahanati huku nikikupiga ngumi.

Nenda, Mjomba. Nakusihi.

Mpwa wako

3 Juni

Mama yangu mdogo,

Natumai mambo ni mazuri kwako. Sijapata barua yako bado, posta wanasema gari liliharibika.

Sare zimebaki chache. Mteja wangu sasa havai kiatu. Gundi amemkatia ndala pana kwa mpira wa gurudumu la gari. Usiku ana homa kidogo, asubuhi inaondoka. Tini zimekwisha. Tulizopata sokoni ni za njano, na wewe ulisema nyeusi ndizo. Tafadhali tutumie nyeusi, hata kidogo.

Usisahau ile rojo.

Mjomba wako

27 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nimepata barua yako ya tarehe tatu. Umeiandika kabla hujapata yangu, naona wazi. Labda sasa hivi unaisoma yangu, au labda bado iko kwenye gari bovu. Naandika hii bila kujua namwandikia mtu wa hali gani.

Sitatuma tini.

Umeniuliza mara mbili nitakuja lini, na mara mbili nimekwepa. Pasipoti yangu iko ofisi ya uhamiaji tangu mwaka jana. Nilipeleka nibadilishiwe kibali, wakaichukua, na tangu hapo naambiwa nisubiri. Juzi nilikwenda tena. Nilipanga foleni ukumbini na wengine, kila mmoja ana karatasi yake yenye namba. Nilipofika dirishani nikamwambia kijana wa pale, "Mjomba wangu anaoza mguu." Ndivyo nilivyosema, maneno mengine yalinikimbia. Akasema, "Pole sana, dada. Lakini faili halipo mezani kwangu." Alikuwa anasema kweli, ndilo lililoniuma. Hakuwa na roho mbaya, na mimi sikuwa na wa kumgombeza. Bila pasipoti sipandi ndege.

Nimempigia Gundi kila siku. Simu yake haipatikani.

Kwa hiyo nakaa hapa. Najua jina la kijidudu kilichomo mguuni mwako. Najua dawa inayokiua. Nimekiona kikifa kwa macho yangu, kwenye kisahani, mbele ya pua yangu. Na siwezi kukufikishia hata kidonge kimoja.

Mtu yeyote anayemsomea mjomba wangu barua hii, kama yeye hawezi kusoma: mpelekeni, hata akikataa.

Mpwa wako

20 Julai

Mama yangu mdogo,

Marahaba. Nakuandikia nimelala, ndiyo maana mistari inapanda mlima.

Usishtuke. Niko hai, na chakula cha hapa ni cha moto japo hakina chumvi. Kwenye kitanda cha jirani yupo mzee mmoja anayekoroma hata mimi namsikia, basi fikiria.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nashona sare ya mwisho, mguu ukiwa kwenye pedali. Naambiwa nilianguka juu ya cherehani na sindano ikaendelea kushona peke yake mpaka uzi ukakatika. Gundi akaja mbio. Siku zile alikuwa amezima simu kwa sababu nilimwapisha asikuambie, na yeye kudanganya hawezi, kwa hiyo aliona bora azime. Amelia sana, mwambie hujamkasirikia. Alifungua kile kitambaa, akatoka nje akatapika, akarudi. Gari halikupatikana. Mama muuza mkaa akaleta mkokoteni wake. Nimeingia hospitali nimelala juu ya magunia ya mkaa, mweusi kama chungu. Nesi kabla ya kunipima alinifuta kwanza ili ajue ngozi inaanzia wapi.

Sukari ilikuwa juu mpaka kipimo chao kikagoma kutaja namba. Daktari, binti wa umri wako, akaniuliza kama nilikuwa najua. Nikamwambia masikio yangu ni mabovu.

Barua yako ya Mei Gundi aliikuta posta siku hiyo hiyo, akaja nayo wodini anahema. Nikampa daktari ile karatasi yenye herufi kubwa. Akaisoma vizuri, akauliza nani ameandika. Akasema, "Yuko sahihi. Dawa ni hizi, na moja tayari iko kwenye dripu yako." Nikafurahi, nikamwambia basi mguu umepona. Akavuta kiti akakaa. Hapo nikajua. Daktari mwenye habari njema husimama. Akasema, "Baba, dawa husafiri na damu, na damu yako haifiki tena kule chini. Ungefika mwezi mmoja nyuma, tungejaribu."

Nikamuuliza, "Na tini?"

Akasema, "Tini gani?"

Wamekata chini ya goti. Usilie juu ya visahani vyako, vitaharibika.

Mjomba wako

18 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi za jengo letu, nikakaa hapo hapo, watu wakanipita juu.

Uhamiaji wamejibu. Kibali kimekataliwa, nimekata rufaa, pasipoti inabaki kwao mpaka rufaa isikilizwe. Tarehe hawajui. Sitakudanganya tena kwa habari za mabomba.

Utafiti wetu umetoka. Picha ya duara imechapishwa, na mkono unaoshika kisahani ni wangu. Tulialikwa kuueleza mbele ya watu, ukumbi ulijaa. Mkuu alieleza vizuri: rojo ya tini kavu, hasa nyeusi, inazuia vijidudu kadhaa maabara na ina vizuia-oksidi vingi. Kila neno ni kweli. Mwanamke mmoja wa nyuma akasimama akauliza, "Kwa hiyo nyumbani tunaweza kuzitumia kwenye vidonda?" Mkuu akanigeukia mimi nijibu. Nilishika kipaza sauti. Nilitaka kuwaambia habari za shuka, mkokoteni, na daktari aliyevuta kiti. Nikasema, "Hapana," nikarudisha kipaza sauti. Wakapiga makofi kidogo, wakaenda kunywa chai. Niliwaona wawili wakiandika jina la tini nyeusi kwenye simu zao.

Kisahani chenye vijidudu vyako mkuu aliamuru kichomwe, ndivyo sheria ilivyo. Nilikipeleka kwenye tanuri mwenyewe.

Sasa nijibu kitu kimoja. Mguu wa kulia uko vipi? Mwombe Gundi autazame chini ya wayo kila asubuhi, katikati ya vidole pia, maana wewe hutasikia. <u>Mguu wa kulia uko vipi?</u> Nimepiga mstari ili usiruke.

Mpwa wako

22 Septemba

Mama yangu mdogo,

Marahaba. Nimerudi nyumbani. Gundi amenitengenezea gongo, na kwa kuwa ni fundi viatu amelivisha ngozi chini, linatembea kimya kama paka.

Kazi nimejaribu. Cherehani ya pedali ukiikanyaga kwa mguu mmoja gurudumu linarudi nyuma na uzi unakatika. Sasa Gundi anakaa chini ya meza ananikanyagia kwa mikono, mimi naongoza kitambaa juu. Akipiga chafya, mshono unapinda. Mwalimu mkuu ameona suruali moja, akaitazama, akaikunja, akalipa bila kusema neno. Alizoea kulalamika yule mtu. Ningependa alalamike.

Watu bado wanakuja kuulizia tini. Ile barua yako ya kwanza niliwasomea wengi, na waliosomewa wamewasomea wengine kwa vichwa vyao. Nawaambia ni tunda, ule ukitaka, lakini usifunge. Wananitazama mguu uliokatwa, wananionea huruma. Naona wazi wanachofikiri: kwamba mimi nilitumia chache. Juzi mama muuza mkaa mwenyewe, aliyenibeba kwa mkokoteni wake, amekuja kuniuliza kwa sauti ya chini nyeusi zinauzwa wapi. Mama yake ana kidonda. Nimemweleza mpaka koo likakauka. Akasema, "Nimeelewa, fundi." Kisha akaenda kumuuliza Gundi.

Rufaa yako isikuchoshe. Watakapokurudishia pasipoti, watakurudishia. Kula vizuri, koti likikubana niandikie vipimo.

Umeniuliza habari za mguu wa kulia, na mstari wako nimeuona. Mvua huku zimeanza vizuri mwaka huu.

Mjomba wako